Nungu wa Kilindi

Kiswahili kimelipa neno moja kazi mbili. Kina ni umbali wa kwenda chini majini, na kina ni ule mlio ufungao mishororo ya shairi ikasikika kuwa ni ya nyumba moja. Huenda ni sadfa tu ya lugha, maneno mawili yaliyokutana katika matamshi. Walakini mshairi wa pwani hajapata kuichukia sadfa hiyo. Baharia hushusha bildi apate kujua kina cha maji yaliyo chini ya chombo chake. Mtunzi naye hutega sikio apate kujua kina cha beti zake. Na wote wawili wana mahali ambapo kamba huisha kabla ya kugusa mchanga. Mahali hapo huitwa kilindi.

Katika tungo za mwambao kilindi ni jina la jambo lisilofikika: huba iliyopita kiasi, siri isiyotamkika, hatari inayomsubiri mwenye pupa. Aghalabu hamkai kitu humo isipokuwa lulu imngojayo mzamiaji. Nayo lulu, kwa hakika, makazi yake si huko. Chaza wa lulu huishi katika maji ambayo mtu huyafikia kwa pumzi moja. Kilindi chenyewe, kile cha giza na baridi, kimeachwa kitupu katika ushairi, kana kwamba Mola alipoumba viumbe vya bahari aliishia pale mwanga unapoishia. Yuko, hata hivyo, mnyama mmoja wa huko chini ambaye habari zake zinastahiki kusikilizwa na wapenzi wa mashairi, maana kisa chake ni kisa cha mwili kuondolewa mahali pake ukasomwa vibaya, na cha jina lililopotea likarudi.

Jina lake la kitaalamu ni Calveriosoma. Hii ni jenasi ya wanyama wa mviringo wenye miiba waishio baharini, wale ambao kila mtoto wa pwani huwajua kwa nyayo zake kabla ya kuwajua kwa macho. Hapa wataitwa nungu wa bahari, kwa kuwa miiba yao yafanana na ile ya nungunungu wa bara, na kwa sababu nyingine itakayodhihiri mbele.

Nungu wa mwambao hahitaji kutambulishwa. Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa hadi mbali, wanawake waendao kutafuta pweza na chaza humkwepa katika mashimo ya mwamba, mweusi, miiba yake mirefu ikigeukia kila kivuli kinachopita juu yake. Anayemkanyaga hurudi nyumbani akichechemea, na utomvu wa papai bichi hupakwa pale mwiba ulipovunjikia. Nungu akifa, miiba hupukutika, likabaki ganda jepesi lenye safu tano za vitundu, zuri kama kazi ya fundi wa nakshi. Ganda hilo ni gumu. Likianguka juu ya sakafu huvunjika kama kigae. Ugumu huo ndio uliodhaniwa kuwa ndio unungu wenyewe, na waliodhani hivyo hawakuwa watoto wa pwani peke yao. Wataalamu wa Ulaya walidhani vivyo hivyo.

Katika mwaka 1843 mtaalamu mmoja wa viumbe wa bahari, Edward Forbes, alitoa rai iliyoaminiwa na wengi kwa miaka zaidi ya ishirini. Alikuwa amekokota nyavu katika bahari ya Ugiriki, akaona kwamba kadiri mfuko ulivyoshuka ndivyo wanyama walivyopungua. Akakisia kwamba chini ya pima 300 hivi, yaani mita 550, uhai hukoma. Rai hiyo ilikuwa na mvuto wake. Bahari yenye giza, baridi na uzito wa maji usiosemeka, nani angeishi humo? Kilindi cha mtaalamu kikawa sawa na kilindi cha mshairi: mahali pa kutajwa, si mahali pa kukaliwa.

Wakati huo huo jiwe lilikuwa linatoa ushahidi mwingine. Huko Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, miamba ya chaki ilifanyika chini ya bahari ya kale zaidi ya miaka milioni 66 iliyopita, na ndani yake mna visukuku vingi, mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe. Mwaka 1863 Samuel Pickworth Woodward wa Jumba la Makumbusho la Uingereza alieleza kisukuku kimoja kilichomtatiza. Kilikuwa na alama za nungu wa bahari, lakini vipande vya ganda lake havikuungana ukingo kwa ukingo kama matofali ya ukuta. Vililaliana, kimoja juu ya kingine, kama magamba ya samaki au vigae vya paa. Woodward alikiita Echinothuria floris, na katika kichwa cha makala yake alikiri kwamba ni kiumbe kipya kisichofuata kanuni. Ganda la namna hiyo lingekunjika, na nungu akunjikaye hakuwa amejulikana. Woodward alifariki mwaka 1865, jiwe lake likingali peke yake.

Mwaka 1868 mtaalamu Mjerumani, Adolph Eduard Grube, alieleza nungu hai wa namna iyo hiyo, aishiye katika maji haba, akamwita Asthenosoma, yaani mwili dhaifu. Hata hivyo aliyewafanya watu washtuke ni yule wa kilindini, na alitokea mwaka uliofuata.

Kiangazi cha 1869 serikali ya Uingereza iliwaazima wataalamu meli ndogo ya kupima bahari iitwayo Porcupine, jina ambalo maana yake ni nungunungu. Nahodha wake alikuwa Edward Killwick Calver, mpimaji wa bahari aliyezoea bildi na ramani. Huyu hakuwa mtu wa kungojea kuagizwa. Alipoona kwamba wanyama wenye miiba hupanda wakiwa wamenasa nje ya mfuko kuliko ndani yake, alichukua mafungu ya nyuzi za katani, kama zile za kusugulia sitaha, akayafunga nyuma ya mfuko yaburuzwe mchangani. Ufagio huo ulileta juu viumbe ambao mdomo wa chuma uliwapita, na baada yake vyombo vingi vya utafiti vikauiga.

Miongoni mwa wataalamu waliokuwamo melini ni Charles Wyville Thomson, wakati ule profesa mjini Belfast. Siku moja, kaskazini mwa Uskoti, upande wa visiwa vya Faroe, mfuko ulikuwa unapandishwa kutoka kina cha zaidi ya pima 400, chini kabisa ya mpaka wa Forbes. Upepo ulikuwa mkali na mfuko ulisumbua kupinduliwa. Ndani yake kilionekana kitu chekundu, nungu mkubwa. Wote wakakata tamaa naye, maana ganda la nungu halivumilii misukosuko ya namna ile. Mfuko ulipomwagwa, nungu akabingirika sitahani mzima. Kisha akatulia, akalala bapa kama mkate wa mofa, mwekundu, wa duara. Kisha akaanza kuhema.

Thomson ameeleza jambo hilo katika kitabu chake The Depths of the Sea cha mwaka 1873, na uzuri wa maelezo yake ni kwamba hakuficha hofu yake. Mtu huyu aliyewashika nungu maisha yake yote alisimama mbele ya mmoja wao asijue la kufanya. Ganda lilikuwa likiinuka na kushuka, mawimbi madogo yakipita juu ya ngozi yake, na yeye ilimlazimu kujikaza ndipo akamshika mkononi. Hofu ile haikuwa ya sumu wala ya miiba. Ilikuwa hofu ya mtu aliyeona neno alilolijua tangu utotoni likitamkwa kwa maana asiyoijua.

Alipomchunguza aliona vile vipande vya ganda vikilaliana, vimeshikwa na ngozi laini kati yake. Akakumbuka chaki ya Kent. Kiumbe aliyejulikana kwa jiwe la Woodward alikuwa na ndugu, na ndugu huyo alikuwa akihema mkononi mwake. Watu wa mwambao wana mfano wa karibu wa mshangao huo. Silikanti, samaki aliyejulikana kwa visukuku tu, alivuliwa akiwa hai Afrika Kusini mwaka 1938, na tangu miaka ya mwanzo ya 2000 amenaswa katika nyavu za wavuvi wa Kenya na Tanzania, hata Tanga ikatengewa hifadhi ya bahari kwa ajili yake mwaka 2009.

Sasa inafaa kueleza mwili wa nungu huyu ulivyo anapokuwa kwake. Ganda lake limefanywa kwa vipande vyembamba vya chokaa, na misuli imepita kwa ndani ikivivuta na kuviachia. Kinachompa umbo ni maji. Maji yaliyo ndani yake na maji yaliyo nje yake hushikana, mwili ukaumuka na kuwa wa mviringo, mfano wa kofia iliyovikwa kichwani. Uzito wa bahari, ambao ungeponda chombo chenye hewa ndani yake, haumpondi, maana hana utupu wa kupondwa. Miiba ya upande wa chini ina ncha zilizopanuka kama kwato, asizame katika tope laini la kilindi; kwa kwato hizo hutembea. Wekundu wake, uliowaka vile juu ya sitaha, huko chini hauonekani, kwa kuwa nuru nyekundu ya jua hufifia mapema majini. Yule awakaye juani ni kivuli tu gizani. Chakula chake hutoka juu: jamii hii huishi kwa mabaki ya mimea na viumbe yanayoshuka polepole na kutua mchangani.

Kwa hiyo mkate ule mwekundu juu ya sitaha haukuwa umbo la nungu. Lilikuwa umbo la kuondolewa kwake. Alipotolewa majini maji yalimwacha, na kilichobaki kililala. Hata kuhema kule kulikomtia Thomson hofu kulikuwa kazi ya misuli iliyozoea kushikwa na maji, sasa haina cha kushikana nacho. Na kwa kuwa vielelezo vyote vilifika katika makumbusho kwa njia hiyo hiyo, vikakaushwa au kutiwa katika chupa za spiriti, michoro mingi ya zamani inamwonyesha akiwa bapa. Hata jamaa yake mmoja mashuhuri akaitwa Phormosoma placenta, neno ambalo kwa Kilatini ni mkate wa bapa. Wachoraji hawakusema uongo; kila mmoja alichora kwa uaminifu kile alichokiona. Tatizo halikuwa katika macho yao. Lilikuwa katika meza.

Mpenzi wa mashairi atalitambua tatizo hilo bila kuelezwa sana. Utenzi uliokuwa ukiimbwa barazani, kwa sauti yake na kwa watu walioujua, ukinakiliwa na kupelekwa mbali hufika mzima: hakuna ubeti uliopotea, kila kina kipo mahali pake, mizani imetimia. Lakini hufika umelala. Msomaji wa mbali huupima, huuhesabu silabi, huona kwamba maneno yamerudiwarudiwa, akaandika kwa uaminifu kwamba ni utungo bapa. Hajui kwamba marudio yale yalikuwa pumzi ya muimbaji, na kwamba sauti ndiyo maji yaliyokuwa yakiujaza. Wahenga walinena kwamba asiyekujua hakuthamini. Wangeweza kuongeza kwamba hata akujuaye, akikujua nje ya mahali pako, hukuthamini pungufu.

Majina nayo yana safari yake. Thomson alimwita nungu wake Calveria hystrix. Jina la kwanza lilikuwa heshima kwa nahodha aliyefunga nyuzi za katani. La pili, hystrix, ndilo nungunungu katika Kilatini. Basi mnyama huyo alivuliwa na nungunungu na akaitwa nungunungu, na ndiyo sababu ya pili ya kumwita nungu katika kurasa hizi. Lakini kanuni za majina ya wanyama ni kali kama kanuni za bahari ya tarbia, na jina Calveria halikuweza kusimama. Mwaka 1934 Mdenmaki Theodor Mortensen, aliyetumia zaidi ya miaka ishirini kutoa kitabu chake kikubwa kuhusu nungu wa dunia nzima, alilitengeneza upya: Calveriosoma. Nahodha hakufutwa. Aliongezewa silabi mbili, akatia nanga tena.

Silabi hizo zimo katika majina mengi ya jamii hii: Asthenosoma, Phormosoma, Araeosoma, Calveriosoma. Katika Kiyunani cha kale soma ni mwili: mwili dhaifu, mwili wa kikapu, mwili mwembamba, mwili wa Calver. Sikio la Kiswahili halisikii hivyo. Sikio la Kiswahili husikia amri: soma. Mortensen hakukusudia hilo, wala Grube. Hata hivyo ni vigumu kwa msomaji wa pwani kupita mbele ya safu ile ya majina asihisi kwamba anaitwa.

Na ana sababu ya kuitika, kwani vilindi vya jamii hii haviko kaskazini peke yake. Meli ya Kijerumani Valdivia, chini ya Carl Chun, ilipita Bahari ya Hindi katika safari yake ya 1898 na 1899, ikafika Dar es Salaam, ikakokota nyavu zake katika maji ya Afrika Mashariki. Nungu waliokusanywa katika safari hiyo, wakiwamo wa ganda laini, walielezwa na Ludwig Döderlein mwaka 1906. Mwaka 1933 na 1934 ikaja meli ya Misri, Mabahiss, ambayo jina lake kwa Kiarabu ni tafiti. Mkuu wa msafara alikuwa Mwingereza, Seymour Sewell, lakini mabaharia wengi walikuwa Wamisri, na safari hiyo ilifika Mombasa na Unguja. Ripoti ya nungu wake iliandikwa na Mortensen yule yule, mwaka 1939. Ndani ya meli hiyo alikuwamo pia daktari Mmisri, Hussein Fawzi, ambaye alirudi kwao akaandika kwa Kiarabu kitabu kuhusu safari hiyo, akakiita Sindibadi wa kisasa, kilichotoka mwaka 1938.

Tofauti ya vitabu hivyo viwili inafaa kutafakariwa. Ripoti ya Mortensen ni ya kuaminika, nayo imehifadhi vipimo vya kila mwiba. Kitabu cha Fawzi kilifanya jambo jingine: kiliichukua bahari iliyokuwa ikipimwa kwa lugha ya wengine kikaieleza kwa lugha ya watu wake, kwa jina la baharia ambaye kila mtoto wa Kiarabu alikwisha kumsikia usiku. Kilindi kikapata msimulizi wa nyumbani. Kiswahili nacho, lugha iliyoyapa majina mawimbi, pepo, mikondo na kila mbao ya jahazi, kingali kinamngoja msimulizi wa namna hiyo. Bildi imekwisha kufika chini, neno bado.

Suala hili si la mapambo. Tangu mwaka 2010 visima vya gesi asilia vimechimbwa katika kina kirefu mbele ya Lindi na Mtwara, baadhi katika maji yanayozidi mita 1,000. Mambo yanayohusu sakafu hiyo ya bahari huandikwa, hupimwa na huamuliwa, aghalabu kwa Kiingereza, na mvuvi wa Msimbati au wa Songo Songo huelezwa mwishoni, kwa muhtasari. Kama kilindi kwake ni utupu, kama shairi na simulizi vimemfundisha kwamba huko chini hakuna ila lulu na mauti, atauliza nini? Mtu hawezi kukitetea kitu asichokuwa na neno lake, wala hawezi kukikubali kwa haki. Atatikisa kichwa tu.

Siku hizi zipo mashine zinazoshuka na taa na kamera, nazo zimemwonyesha nungu wa ganda laini akiwa kwake. Hakulala. Amesimama juu ya kwato zake, mviringo, amejaa maji, anatembea juu ya tope taratibu kama mzee aendaye kwa jirani, na taa inapomwangukia huonekana mwekundu, labda kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Picha hizo hazikuhitaji mfuko wala nyuzi za katani. Zilihitaji mtu akubali kushuka badala ya kuvuta juu.

Mtunzi wa visiwani hana mashine ya namna hiyo, na huenda asiwe nayo kamwe. Anayo mizani, anavyo vina, analo sikio lililozoea kutambua neno lililoumuka na neno lililolala. Jamii ya nungu wa ganda laini, ambayo Kiyunani kimeiita miili, bado haijapewa jina la Kiswahili. Litakapopatikana, huenda litatoka kwa mvuvi aliyemwona mmoja amenasa katika mshipi wake alfajiri, au kwa mtu aliyekaa barazani akitafuta kina cha mshororo wa mwisho. Vyovyote itakavyokuwa, wachaguzi wa jina hilo na wamkumbuke akiwa amejaa maji.